Umeitikia Nini?

Watu wananijia siku hizi, wengine na watoto wao wamewashika mkono, wananiuliza: Mzee, uliwaleaje wako? Wanataka niwaambie kitu kitamu. Kwamba tulikuwa tunaimba nyimbo asubuhi, kwamba mama yao alikuwa mwombaji. Sina kitu kitamu. Niliwalea kwa hasira, na hasira yenyewe nilikuwa na sababu nayo, na sijaimaliza.

Mimi shule niliiona kwa mlango. Darasa la pili nilitoka, nikapewa ng'ombe wa kuchunga, basi. Kusoma nilijifunzia kwenye mafundisho ya ubatizo, nikiwa tayari nina ndevu. Lakini nilipasua mbao msituni kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, na mimi ndiye nilikuwa wa chini, unga wa mbao unaingia machoni. Kwa mbao hizo nilipata ng'ombe, kwa ng'ombe nikapata shamba hapa chini ya msitu wa Ngorongoro, nikapanda ngano, mahindi na ngwara, yale maharage ya huku kwetu. Hakuna mtu aliyenipa. Kwa hiyo mtu asije kunifundisha mimi utii. Utii wa ng'ombe naujua, nimechunga.

Sasa sikia jambo lenyewe lilikoanzia.

Sisi Wairaqw tuna dua yetu ya zamani inaitwa slufay. Mzee anasimama, anasema maneno ya baraka, mvua inyeshe, ng'ombe wazae, maradhi yaende machweo, na kila anapovuta pumzi watu wote wanaitikia kwa pamoja. Ni kitu kizuri. Ukiwa katikati ya watu wale unasikia kifua kinatetemeka. Mkutano wowote kwetu usipofungwa hivyo, watu wanaondoka kama waliolishwa ugali bila mboga. Tulipobatizwa hatukuiacha. Tuliingiza Amina mahali pa itikio la zamani, tukaendelea. Mzee anavuta pumzi, sisi Amina. Mdomo unajibu wenyewe. Hata mtu akisinzia, anaitikia.

Mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini, miaka ya sabini hiyo, walikuja wakubwa wakafanya mkutano. Marehemu baba yangu alikuwepo. Mimi nilikuwa msituni na msumeno. Yule mkubwa alikuwa amefundishwa na mtu desturi zetu, maana alipomaliza hotuba alimwomba mzee mmoja aombe, na yule mzee akaomba kama alivyoelekezwa: tupate shule, tupate zahanati, tuhame kwa amani. Watu wakaitikia yote. Kulipokucha trekta lilikuja likaivuta nyumba ya baba. Ilikuwa tembe, ile nyumba yetu iliyochimbiwa mlimani, paa lake udongo. Ilianguka kama mtu anayepiga magoti. Baba alisimama na fimbo yake akamwambia dereva, "Mimi niliitikia baraka. Sikuitikia trekta." Dereva akacheka. Alikuwa kijana wa watu, akasema, "Mzee, wameandika mmekubali wote."

Baba hakuishi sana baada ya hapo. Na mimi nikaapa: katika nyumba yangu, hakuna atakayesema Amina ya kusinzia.

Ndiyo ikawa sheria. Tukiketi kula, naomba, au mama yao anaomba, watoto wanasema Amina. Kabla mkono haujagusa chakula nanyoosha kidole kwa mmoja. "Wewe. Umeitikia nini?" Akijua, anasema: tumemwombea shangazi wa Endabash mguu upone. Haya, kula. Asipojua, mkono unarudi mapajani mpaka aulize. Kuuliza ni ruksa. Kutojua siyo kosa. Kuitikia usichokijua ndiyo kosa, tena kubwa, maana umemfanya Mungu shahidi wa jambo ambalo hukulisikia. Kama hiyo siyo kulitaja jina lake bure, basi niambie ni ipi.

Mtoto wangu wa kiume wa pili alikuwa mlafi. Nilimuuliza siku moja, "Umeitikia nini?" Akaniangalia, akaangalia sahani, akasema, "Ugali, baba." Mama yao alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye, nikiwa peke yangu.

Mama yao hakuipenda sheria hii. "Chakula kinapoa," ananiambia. "Na utawafanya wabishi. Binti mbishi nani atamuoa?"

"Mwenye masikio."

"Hao ni wachache, baba watoto."

"Basi atangoja."

Na kijijini niliwapeleka mikutanoni. Wote, wa kike na wa kiume. Watu walisema nawaharibu, watoto wa nini mkutanoni? Nikasema mkutano unazungumza barabara watakayopita wao mimi nikiwa nimekufa, sasa nani wa kusikia, mimi au wao? Tukirudi nyumbani nawauliza vilevile. Mwenyekiti amesema nini? Amekubali nani? Nani amenyamaza? Binti yangu mkubwa ndiye alikuwa na kichwa cha mambo hayo. Nilikuwa namwita dasi, ndiyo msichana kwa lugha yetu, na wenzake wakamwita hivyo hivyo mpaka alipokuwa mtu mzima.

Huyu ndiye ninayemzungumzia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, amemaliza la saba, yuko kwenye mafundisho ya kipaimara. Kijiji chetu kilikuwa na chemchemi moja inayotoka msituni. Moja tu. Kiangazi mito yote ya huku inakufa, lakini ile haikauki. Wanawake wanakwenda na punda, madebe huku na huku, wanajaza, wanarudi. Binti yangu alikuwa akienda kila siku ya Mungu, kwa hiyo habari za maji alizijua kwa mgongo wake, siyo kwa hotuba.

Akatokea bwana mmoja mwenye matrekta, amekodi shamba la zamani la mzungu upande wa chini. Anataka kulima mboga za kuuzia hoteli za kule juu ukingoni mwa kreta. Karoti, kabichi, sijui nini, vitu vya watalii. Mboga zinataka maji. Akaiangalia chemchemi yetu akaipenda. Alitaka kuizungushia uzio, aweke bomba, na sisi tuachiwe siku zetu za kuteka. Kuachiwa! Kitu chako unaachiwa.

Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa pia mzee wa kanisa. Mtu yule yule, koti lile lile. Ana sauti nzuri, hilo sitamnyima. Akiomba hata mbuzi wanatulia. Akaitisha mkutano uwanja wa shule. Tulizungumza madawati ya shule, tukazungumza nyati wanaoshuka msituni kula mahindi. Yule bwana wa matrekta alikuwa ameketi mbele kwenye kiti, akatambulishwa kama mgeni na mfadhili, akainua kofia. Mtu mmoja akauliza, "Na habari ya chemchemi tunayoisikia?" Mwenyekiti akasema, "Hilo tutalifikia." Hakulifikia. Jua likawa kali, watu wakaanza kujipangusa vumbi, akasimama akavua kofia. "Tuombe."

Tukainamisha vichwa.

"Ee Mungu wa baba zetu, tupe mvua kwa wakati."

"Amina!"

"Watoto wetu wapate madawati."

"Amina!"

"Nyati uwarudishe msituni kwao."

"Amina!" Hapo jirani yangu, tunayepakana mpaka, aliitikia kwa sauti ya kupasua koo. Nyati walikuwa wamemmaliza.

"Na mgeni wetu huyu umbariki, na chemchemi tuliyomkabidhi leo, imzalie matunda, naye asitusahau."

"Ami..."

"Lini?"

Lilikuwa neno moja tu, kutoka upande wa wanawake. Amina ikakatika katikati, nusu ya watu wameshaimaliza, nusu imewakwama. Sauti niliijua kabla sijafumbua macho.

"Tumemkabidhi lini?" akasema tena.

Mwenyekiti akafumbua macho. "Nani huyo anayemkatisha Mungu?"

"Ni mimi, mzee. Mungu sijamkatisha. Nimekukatisha wewe."

Sikiliza, nimeona mambo mengi maishani, nimewahi kukimbizwa na kifaru. Lakini sijawahi kuona uwanja mzima ukifumbua macho kwa pamoja namna ile. Mwenyekiti akajikusanya, akavaa kofia, akasema kwa upole ule wake wa mafuta, "Mtoto hajui. Wazee wamesikia, mkutano umeitikia, Mungu ameshuhudia. Tumefunga." Na yule bwana akaingia kwenye gari lake akaondoka na chemchemi yetu.

Jirani yangu akanigusa bega anacheka. "Mwanao ana mdomo kama redio, haizimiki!"

"Wewe umeitikia nini?" nikamuuliza.

"Mimi? Habari za nyati."

"Na ya chemchemi?"

Akasimama. "Ya chemchemi ipi?" Wallahi, kama anavyoapa mwenye duka wetu, mtu huyu alikuwa hajui. Ameitoa kwa mdomo wake mkubwa na hajui.

Huyo mwenye duka alikuwa Mwislamu, amehamia kutoka Karatu mjini, anauza chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Nilipita kwake kesho yake kununua chumvi, akanitolea macho. "Mzee wangu, ni kweli jana maji yametolewa?"

"Ulikuwepo. Wewe ulisikia nini?"

"Mimi nilinyamaza! Nikasema hawa ndugu zangu wanaomba kwa dini yao, adabu ni kuinamisha kichwa. Kumbe nimeinamisha kichwa mnagawa maji yangu ya kutawadhia! Sasa na mimi nimehesabiwa nimekubali?"

"Umehesabiwa."

"Kwa dini gani?"

Nilichukua chumvi yangu. Aibu niliyoisikia siku hiyo siyo ya kwangu, lakini niliibeba mpaka nyumbani. Mtu wa dini nyingine ameiheshimu sala yetu kuliko mzee wetu wa kanisa.

Wiki hiyo hiyo mwinjilisti alikuja nyumbani, yule anayetuongozea ibada mchungaji akiwa hayupo. Alikuwa kijana mstaarabu, mgeni huku kwetu, anaogopa kila mtu mwenye koti. Tulimpa maziwa. Akayashika, hakunywa.

"Mzee, Bwana asifiwe. Nimekuja kwa ajili ya binti. Wazee wa kanisa wameketi. Wanasema alivunja sala mbele ya watu. Jumapili asimame mbele, aombe radhi, yaishe. Asipofanya hivyo, jina lake kwenye kipaimara litakuwa gumu."

"Wazee walioketi ni nani?"

"Wazee tu, mzee."

"Na mwenyekiti aliketi nao?"

"Ni mzee wa kanisa."

"Basi nisikilize, mwanangu. Wakati wa kuchukua maji alikuwa mwenyekiti. Sasa anaulizwa, amekuwa mzee wa kanisa. Kesho nikimshika shati atakuwa nani? Babu yangu?"

Akainama. "Mzee, mambo ya kijiji tuwaachie wa kijiji. Watoto tuwafundishe kutii. Siasa ni ya dunia hii."

Nilisimama. Mama yao akasema, "Baba watoto," kwa ile sauti, nikaketi tena. Lakini maneno nilimpa. Nikamwambia, maji unayobatizia yanatoka wapi? Siyo chemchemi ile? Mbinguni unayateka kwa punda gani? Nikamwambia mimi watoto wangu nawafundisha kutii, lakini Mungu kwanza, na Mungu siyo mtu wa kuitikiwa kama jogoo anavyoitikia jogoo. Kijana wa watu akaweka maziwa chini, akaondoka. Mama yao alinilaumu kwa yale maziwa mpaka mbwa akayanywa.

Nikasema basi, hatwendi. Jumapili hakuna anayetoka humu. Kama kipaimara kinatolewa kwa kulamba viatu, mtoto wangu hatakipata, nitamfundisha mwenyewe. Binti alikuwa anachambua ngwara kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Mimi nitakwenda, baba."

"Utakwenda kuomba radhi?"

"Nitakwenda kusema."

"Nimesema hatwendi!"

"Umesema, baba, nimesikia. Lakini mimi sijaitikia."

Mama yao akajifunika mdomo kwa kanga. Nikatoka nikaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Jumapili kanisa lilijaa hata wasiosali. Wamekuja kuona. Jirani yangu amekuja mapema akapata benchi la mbele, kama anayeangalia sinema ya serikali. Mwenyekiti ameketi na wazee, mikono tumboni. Mwinjilisti akasoma matangazo, akafika hapo, akamwita. Binti akasimama na kitambaa chake cheupe kichwani, akaenda mbele peke yake. Nilitaka kwenda kumshika. Mama yao alikuwa amenishika mimi.

Akasema, "Naomba radhi kwa kupaza sauti wakati wazee wamefumba macho."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali.

"Ningengoja wafumbue. Lakini wangefumbua ingekuwa imeshakwisha."

Kicheko kikatoka nyuma, kikazimwa.

"Chemchemi mimi sikuitoa. Niliombea mvua, niliombea madawati, niliombea nyati waondoke. Hayo nimeitikia na leo naitikia. Kama kuna mtu hapa aliitoa chemchemi, asimame aseme aliitoa, ili sisi tunaoteka tumjue."

Akangoja. Jirani yangu akaangalia miguu yake. Hakusimama mtu. Wale wote, koo zote zile za siku ile, hakuna aliyesimama. Mwenyekiti akamgeukia mwinjilisti kwa jicho la kusema maliza jambo hili, na yule kijana, jasho linamtoka, akasema, "Tuombe."

Basi kukawa na bibi mmoja mjane, mzee sana, hajui kusoma wala Kiswahili chake siyo kingi. Akanyoosha fimbo yake. "Ngoja. Unaomba nini? Sema kwanza."

"Bibi, ni sala tu."

"Hata ile ilikuwa sala tu."

Kijana akamwangalia mwenyekiti, akamwangalia bibi. Kisha, na kwa hili nilimheshimu, akasema polepole, "Nitaomba Mungu atupe ujasiri wa kuitisha mkutano mwingine." Bibi akatafakari. "Haya," akasema, "hiyo omba." Na akaomba, na watu wakaitikia, na mwenyekiti hakuitikia. Nilimwangalia. Midomo yake ilikuwa imebanwa.

Mkutano uliitishwa. Safari hii watu walitaka mikono ihesabiwe, macho wazi, sala baadaye. Mwenye duka alikuja na ndugu zake wote, wakaketi mbele kabisa. Yule bwana wa matrekta alizungumza vizuri, aliahidi mengi, lakini alipata mikono ya mwenyekiti na ya shemeji zake. Chemchemi ikabaki ya kijiji. Mwaka uliofuata alikwenda kulima mboga zake kwingine, na mwenyekiti akaendelea kuwa mwenyekiti, maana sisi ndivyo tulivyo. Tunamkatalia mtu jambo moja tunamrudishia kiti chake, tusionekane wabaya.

Unadhani nasimulia hili kwa kujisifu. Subiri.

Kipaimara kilipofika, jina la binti yangu halikusomwa. Wazee wa kanisa walisema toba yake haikuwa kamili, alichanganya toba na maswali. Mwinjilisti alitutazama kwa huruma. Huruma! Wenzake wakapita mbele na magauni yao meupe mmoja mmoja, wengine wajinga watupu, ungewauliza Roho Mtakatifu ni nani wangekwambia ni mwalimu mpya. Na kanisa lilijaa watu wanaokunywa maji ya ile chemchemi. Wote walijua. Hakuna aliyesimama kusema, na huyu je? Jirani yangu hakusimama. Bibi wa fimbo alikuwa mgonjwa, hakuwepo, yeye simhesabu. Mimi nilisimama. Binti akanivuta koti. "Baba, kaa chini. Hili ni langu." Nikakaa. Sijui kama ningekaa kwa ajili ya mtu mwingine yeyote duniani.

Kipaimara alikipokea mwaka uliofuata, kwa mchungaji mwingine, mtaa wa mbali. Tulitembea kwenda. Leo yuko kwenye halmashauri huko alikoolewa, na wanamwogopa kidogo, na Jumapili anafundisha watoto. Wadogo zake wote wako hivyo hivyo, hata yule wa ugali.

Lakini siku ile ya magauni meupe, wenzake wakiwa wanakula pilau majumbani kwao, yeye alivua nguo nzuri, akamfunga punda madebe, akaenda kuteka kama kawaida. Alipofika wanawake walikuwa wengi, foleni ndefu. Walipomwona wakanyamaza, wakavuta punda wao pembeni, wakampisha mbele. Wote. Alijaza akarudi, akamsimulia mama yake, na mama yake akalia akasema hiyo ndiyo heshima, hiyo ndiyo toba ya kijiji, wangesemaje zaidi wanawake wale.

Mimi nikasema wangesema kanisani. Asubuhi ile ile, walikuwa na midomo. Kumpisha mtu kwenye foleni ya maji aliyoyaokoa yeye ni kitu gani? Mama yao akasema mimi sitosheki. Na bado tunabishana, mimi na yeye, hata juzi tumebishana, na sioni kama nitashindwa.